Kidole cha Bwana Afya

Kabla hajaitikia salamu yako, Bwana Afya alikuwa ameshatoa kopo lake la sabuni. Alinawa kwanza, taratibu, mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayejiandaa kwa ibada. Halafu alikiingiza kidole cha shahada kwenye maji yako, iwe ni tenki la shule, pipa la hoteli au birika la kunyweshea ng'ombe, akakipitisha ukutani kwa ndani, pale uso wa maji unapogusa ukuta, na kukisugua kwa kidole gumba huku amefumba macho. Ukuta ukikwaruza, alitabasamu. Ukiteleza, alifumbua macho.

"Humu wanaishi watu," alisema. "Umewakaribisha wewe, au wamejipangia wenyewe?"

Kasulu nzima ilikijua kile kidole. Sasa kimelala Murungu, upande wa Kibondo, pamoja na mwili wake uliobaki. Nasema uliobaki kwa sababu mguu mmoja ulitangulia, na katika kutangulia kwake mimi nilikuwa na mkono. Waliomzika hawajui.

Mimi ni mtu wa kupita. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kushindwa masomo, bali kwa sababu lori lilikuwa limesimama barabarani na dereva aliniambia anakwenda mahali ambapo sijawahi kufika. Tangu hapo nimefyatua matofali Munanila, nimekuwa utingo, nimeuza betri za redio Mabamba kule mpakani, nimepanda na kuvuna mashamba ya watu. Popote nilipokaa zaidi ya mwaka, palikuwa na kitu nilichokuwa bado sijakielewa. Pale Kasulu nilikaa miaka saba, na kitu hicho kilikuwa yule mzee.

Palikuwa na nyumba ya wageni nje kidogo ya mji, iliyojengwa enzi mashirika yalipojaa kwa ajili ya makambi ya wakimbizi. Mwenye nyumba alichimba bwawa la kuogelea, na kwa kuwa Kasulu ina baridi ya kukunja vidole, akajenga pembeni beseni la saruji la maji ya moto, la kutosha watu sita. Wageni waliliita jakuzi. Sisi tuliliita sufuria, maana maji yake yalichemshwa kwa kuni kwenye pipa nyuma ya ukuta, na mpishi wetu, Mama Jikoni, kila alipoona wageni wamezama humo mpaka shingoni, alikuwa akiniuliza, "Hao wameiva, au niongeze chumvi?"

Kazi yangu ilikuwa kulitunza bwawa na sufuria. Kazi ya Bwana Afya ilikuwa kunitunza mimi. Alikuwa ameshastaafu serikalini, lakini mwenye nyumba alimwomba apite kila Alhamisi kukagua maji, na yeye hakupita kama mtu wa kibarua. Alikuja na shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni, na jina alilonipa wiki ya kwanza na ambalo hakulibadilisha mpaka mwisho.

"Kiguu na Njia, bado upo?"

"Nipo, Bwana Afya. Shikamoo."

"Marahaba. Leta daftari."

Daftari lilikuwa kitu cha pili baada ya kidole. Alinifundisha kupima klorini kwa matone: unachota maji kwenye kichupa, unadondosha matone ya dawa, unatikisa, maji yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na kadi. Kwa bwawa la baridi, moja mpaka tatu. Kwa sufuria, isipungue tatu, maana joto linakula dawa. "Maji ya moto yana njaa," alisema. "Unayalisha asubuhi, mchana yameshamaliza, yanakutazama." Nikishapima naandika: siku, saa, namba. Na nikikosea kuandika, hakuna kufuta. Hilo alilirudia mpaka nikawa naliota. Piga mstari mmoja juu ya kosa, lionekane. Andika ukweli pembeni. Weka jina lako.

"Kwa nini lionekane, Bwana Afya? Si aibu?"

"Aibu ndiyo dawa yenyewe. Ukifuta, ugonjwa unabaki bila baba."

Aliongea hivyo, kwa mafumbo ya kazini kwake. Lafudhi yake haikuwa ya kwetu. Alipangiwa kazi huku kutoka mikoa ya mbali, akaoa huku, akaacha kuondoka. Kiha chake kilikuwa kibovu na alikitumia bila haya. Asubuhi alimsalimu Mama Jikoni "Mwakeye" kwa sauti ya kuhubiri, na Mama Jikoni akamjibu kwa Kiha kirefu cha makusudi ili aone atatoka vipi. Hakutoka. Alicheka tu na kuomba chai.

Chai ile. Hapo ndipo ningeanza kama ningekuwa mtu wa kupanga mambo. Bwana Afya alikuwa na kisukari, na aliweka vijiko vinne kwenye kikombe kimoja.

"Bwana Afya, hiyo sukari," Mama Jikoni alimwambia.

"Hii ni ya kazi, mama. Siyo ya mwili."

"Na mwili ukija kuidai?"

"Utanikuta kazini."

Alikuwa hivyo. Aliogopa maji yaliyomfika magotini, hakujua kuogelea hata kidogo, lakini alijua kila kinachoweza kukaa ndani ya maji. Alikataza watu kula wima, na yeye alikula muhogo wa kuchoma akitembea. Alikuwa mkali kwa wakubwa na mpole kwa watu wenye vidonda. Nilimwona akimrudisha nje ya bwawa mkuu fulani wa shirika, mbele ya wageni wake, kwa sababu alikuwa ameingia bila kuoga. Na wiki hiyohiyo nilimwona amepiga magoti barabarani akimfunga kitambaa mzee wa kuuza mkaa ambaye kila mtu alimzunguka kwa harufu ya mguu wake.

Siku moja ya Jumamosi mchungaji alikuja na waumini wake kwa lori kutoka vijijini. Walikuwa wamekubaliana na mwenye nyumba wabatizie bwawani. Walishuka wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, wanaimba. Bwana Afya, sijui nani alimwambia, alikuwa amesimama ukingoni na kopo lake.

"Wataoga kwanza," alisema. "Kwa sabuni. Bomba lile pale."

"Mzee wangu," mchungaji alisema, "hawa wamekuja kuoshwa dhambi."

"Dhambi aoshe Mungu. Jasho waoshe wao."

Waliimba wakiwa kwenye foleni ya bomba, karibu saa nzima, na mchungaji mwenyewe alikuwa wa kwanza kusugua kwapa. Walipomaliza kubatizwa Bwana Afya akasimama tena: watoke, waoge tena kwa sabuni, wavue zile kanzu zilizolowa, zisikaukie mwilini. Alinieleza baadaye, tukiwa tumeketi kwenye gogo, kwamba kuna vijidudu ambavyo havitaki damu wala matumbo, vinataka tu kitundu cha unywele na nguo mbichi iliyovibana hapo. "Havina haraka," alisema. "Unatoka majini leo unacheka, kesho au keshokutwa unajikuna." Nilimuuliza maswali mpaka jua likapinda. Ndiyo maana nilikaa miaka saba. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunijibu swali la kumi kwa uvumilivu uleule wa swali la kwanza.

Pembeni ya sufuria palikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake. Oga kwa sabuni kabla na baada. Usiingie ukiwa na kidonda. Mwenye kisukari asiingie bila kumuuliza daktari. Na chini ya kibao hicho, kila Alhamisi, kazi ikiisha, Bwana Afya alikunja suruali mpaka magotini, akakaa ukingoni, na kutumbukiza miguu yake miwili.

Mara ya kwanza nilicheka. Nilimsomea kibao kwa sauti.

"Soma polepole, wageni wasisikie," alisema. Kisha akaacha kucheka. "Miguu yangu imekuwa mbao, Kiguu na Njia. Nikivaa kiatu sijui kama kina jiwe. Humu tu ndimo ninapoisikia. Dakika ishirini kwa wiki niachie niwe na miguu."

Nilimwachia. Nilikuwa namwekea kigoda na taulo.

Sasa majani. Huku kwetu nyanda za juu, mtu akibanwa na mafua anachemshiwa majani ya mkaratusi, anafunikwa blanketi, anajifukiza. Hakuna nyumba isiyojua. Msimu mmoja wa baridi kali nilichukua matawi mawili nikayatia kwenye sufuria, kwa udadisi tu, nione. Wageni walifurahi kupita kiasi. Wengine walikuwa wakilalamikia harufu ya dawa, sasa wakasema wanapumua vizuri, wakaulizia majani hata kabla ya kuulizia chakula. Alhamisi ile nilingoja Bwana Afya anigombeze. Akasimama juu ya mvuke, akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukalegea.

"Majani ni uchafu kama uchafu mwingine," alisema. "Yanakula klorini." Akavuta tena. "Lakini pima mara mbili kwa siku, ongeza dawa, ukifanya hivyo sina neno."

Ilikuwa ruhusa pekee ya namna hiyo aliyowahi kunipa. Aliitoa kwa sababu aliipenda ile harufu, na mtu akiwa mkali miaka yote, ruhusa yake moja unaiheshimu kama amri. Nilipima mara mbili kwa siku kwa miezi.

Kisha nikaangusha kichupa cha matone kwenye saruji. Kilipasuka Jumatano asubuhi. Dawa nyingine ilibidi iagizwe mjini Kigoma, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa kufoka. Nilisema nitamwambia jioni. Wakati huo palikuwa na fundi mmoja kwenye kijito, kilomita chache njia ya Munanila, aliyekuwa akitengeneza gurudumu la mbao la kuzalisha umeme kwa maji, na mimi kila nilipopata nafasi nilichukua baiskeli kwenda kumtazama. Kichwa changu kizima kilikuwa kwenye lile gurudumu. Jioni haikufika. Asubuhi ya Alhamisi nilifungua daftari, na kalamu ikaandika tatu ya jana na tatu ya leo, maana siku zote za nyuma ilikuwa tatu. Klorini niliitia kwa kukisia, kijiko leo, keshokutwa nusu, siku nyingine nilisahau kabisa. Majani niliyaongeza. Nilijiambia kwamba yanatibu mafua, hayawezi kushindwa na maji. Nilijua si kweli. Nilikuwa nimefundishwa.

Siku tisa, Jumatano mpaka Alhamisi ya pili yake. Tatu, tatu, tatu.

Alhamisi ya kwanza kidole cha Bwana Afya hakikukuta utelezi; ya pili alikuja mgongo unamuuma. Aliinama kidogo, akakunja uso, akajinyoosha.

"Leta daftari," alisema. Akasoma. "Tatu. Vizuri." Akavuta pumzi juu ya mvuke wa mkaratusi, akakaa, akakunja suruali. Kidole hakukitia. Aliuamini mwandiko wangu kuliko kidole chake, na mimi nilikuwa nimesimama pale na taulo mkononi.

Jumamosi wageni watatu waliamka wakijikuna. Mmoja alikuwa dada wa shirika, kutoka Dar, akaja jikoni amefura kwa hasira.

"Kunguni gani hawa mnaofuga?"

"Kunguni wetu hawachori mipaka, dada," Mama Jikoni alimwambia baada ya kumtazama faraghani. "Wewe vipele vimekutoka palepale nguo ya kuogelea ilipokubana."

Bwana Afya aliitwa. Vipele vyekundu, vingine na usaha kichwani, kila kimoja kimekaa kwenye shina la unywele. Hakubabaika. Aliwaambia wasikune, wasikamue, waoge kwa sabuni na maji safi, waweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nguo zile wazifue vizuri na kuzianika. Vitaondoka vyenyewe kwa wiki au zaidi kidogo. "Lakini mtu akipata homa, au vikizidi, au akiwa na ugonjwa kama kisukari, asinisikilize mimi. Aende hospitali siku hiyohiyo."

Kisha akaja sufuriani, akanawa, akatia kidole. Sikuhitaji kuuona uso wake.

"Matone yapo?" aliniuliza.

"Yapo."

"Ulipima?"

"Si umeona daftari, Bwana Afya."

Alilitazama daftari kwa muda mrefu. "Sielewi," alisema. Tulimwaga maji, tukasugua kuta kwa brashi na klorini kali mpaka mikono ikachubuka, yeye akisugua upande wake, na suruali yake siku hiyo hakuikunja, ingawa maji machafu yalimfika vifundoni. Sikujiuliza kwa nini.

Vyake vilikuwa miguuni. Kimoja, karibu na kifundo, alikikuna usingizini, kikawa kidonda, na kwa kuwa mguu ulikuwa mbao hakusikia kilivyokuwa kinachimba. Yeye aliyewaambia wengine siku hiyohiyo, alikwenda hospitali baada ya wiki tatu, baada ya mkewe kuona soksi. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Daktari alisema ni sukari. Kila mtu alisema ni sukari, na Mama Jikoni alilia akikumbuka vile vijiko vinne. Mimi nilikubali pamoja nao. Sukari ilikuwepo, ni kweli. Kweli ya namna hiyo ndiyo inayomruhusu mtu kula na kulala.

Mwaka uliofuata mashirika yalipunguza watu, nyumba ya wageni ikafungwa, bwawa likabaki la vyura. Bwana Afya alihamia Murungu, kwenye shamba la mkewe. Niliondoka Kasulu, nikazunguka, nikarudi, nikaondoka tena. Miaka miwili. Nilipita Kibondo mara nne kwenda Mabamba na kila mara niligeuza uso upande wa pili wa gari. Mara ya tano nilishuka.

Mkewe, mama mrefu wa Kiha, alikuwa anapukuchua maharage kwenye mkeka. Aliponiona alipiga makofi. "Ni wewe! Amekuulizia sana. Ingia, ingia, lakini ujue haoni sasa. Anaona mwanga tu. Na mguu wa pili nao umeanza."

Alikuwa amekaa kitandani, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, Bwana Afya."

Aligeuza uso, akiitafuta sauti. "Kiguu na Njia. Njia umeichukua yote wewe. Mimi wameniachia kiguu." Akacheka peke yake. "Marahaba. Kaa. Nina kazi nawe."

Chini ya kitanda palikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku madaftari yetu yote. Alikuwa ameyachukua nyumba ilipofungwa. Alijua lipi ni lipi kwa kugusa. Lile alilolitaka lilikuwa limefungwa uzi.

"Nimewaza miaka miwili," alisema. "Watu wanne walipata vipele, na mimi nikiwa mmoja wao. Maji yalikuwa tatu kila siku. Mtu hapati vile vipele kwenye tatu. Basi nilikosea mahali. Labda niliruhusu majani yakapita kipimo. Labda nilikufundisha vibaya kusoma kadi. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sitaki kwenda kaburini sijui nilikosea wapi. Siku ile kidole sikukitia, hilo najua. Lakini daftari je? Nisomee. Anza Jumatano ya wiki iliyotangulia, useme kila namba. Labda masikio yataona."

Nilifungua uzi. Mwandiko wangu ulikuwa umenyooka, mzuri, tatu zimekaa kama askari kwenye mstari.

"Jumatano," nilisema. "Tatu."

"Enhe."

"Alhamisi. Tatu."

"Endelea."

Nje maharage yalikuwa yanadondoka kwenye ungo. Alikuwa amefumba macho, vile alivyofanya alipokuwa akisugua kidole, ingawa sasa kufumba na kufumbua kwake ni kimoja.

"Ijumaa," nilisema, kisha nikarudi juu ya ukurasa. Nikaanza upya. "Jumatano, sikupima. Kichupa kilipasuka. Alhamisi sikupima. Ijumaa sikupima."

Hakusogea.

"Jumamosi," alisema.

"Sikupima."

"Jumapili."

"Sikupima, Bwana Afya."

Alizitaja siku zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile, na kila moja niliijibu. Ilipofika ya mwisho nilimwambia pia kwamba siku ile nilisimama na taulo nikamwona anatumbukiza miguu. Hilo halikuwa daftarini. Alitikisa kichwa kidogo kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito.

"Kwa hiyo kadi nilikufundisha vizuri," alisema.

"Vizuri sana."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alitoa kalamu mfukoni, akainyoosha hewani mpaka nikaichukua. Hakusema nifanye nini. Nilipiga mstari mmoja juu ya kila tatu, nikaandika pembeni sikupima, mara tisa. Nikaandika jina langu. Akanyoosha mkono, nikamwekea daftari mapajani, na kidole kile kikaipitia karatasi, pale kalamu ilipochimba, mstari kwa mstari, mpaka chini. Kikasimama kwenye jina. Kisha akalifunga daftari na kulifunga uzi mwenyewe, mafundo mawili.

"Nenda sasa," alisema. "Nimechoka."

Nilingoja neno jingine. Alikuwa amegeukia ukuta.

Mkewe alinifuata mpaka njiani amebeba mfuko wa maharage mapya. Nilikataa, akanishikisha kwa nguvu.

"Chukua, mwanangu. Siku nyingi sijamsikia akiongea muda mrefu hivyo. Umemfanyia jambo kubwa leo. Mungu akubariki."

Nilichukua. Nilisimama barabarani na maharage yale mikononi mpaka gari la Kasulu likapita, na la pili likapita, na mama yule, akidhani ninasubiri la Kibondo mjini, akawa ananipungia mkono kutoka kwenye mkeka wake.